Taa ya tatu ya breki si pambo

Sisi tunaovusha bidhaa mpakani hufungua mlango wa nyuma wa gari mara nyingi kuliko mtu wa kwenda na kurudi ofisini. Kila ukifunguliwa, nyaya zilizo ndani ya ule mpira mweusi karibu na bawaba hujikunja. Mwishowe moja hukatika. Taa ya juu ya breki inazima, nasi tunaendelea na safari kwa kuwa mbili za chini bado zinawaka.

Tumezoea vibaya. Mwaka jana fundi mmoja aliniambia taa yangu imekufa, ninunue nyingine. Nikanunua, haikuwaka. Fundi wa pili alivuta ule mpira, akanionyesha waya uliokatika, akauunga na kuufunga tepu. Haikuchukua hata nusu saa. Kwa hiyo, mfanyabiashara mwenzangu, taa za chini zikiwaka, fyuzi kwa kawaida ni nzima. Mwambie fundi aangalie glopu na waya kabla hujatoa pesa ya taa mpya.

Wapo watakaosema ni taa moja tu. Marekani iliilazimisha kwa magari madogo mapya kuanzia modeli za 1986, maana dereva aliye gari la tatu huweza kuiona kupitia vioo vya gari lililo katikati. Kwenye foleni ya kuelekea Namanga, lori likikufuata kwa karibu, dereva wake ameketi juu. Taa za chini humpotea upesi.

Halafu kuna turubai. Mara ngapi tunafunga mzigo juu ya keria, likaning'inia hadi kuifunika taa yenyewe?