MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Ufunguo wa kabati ya vitabu



Mwezi huu tunajibu barua moja iliyotufikia toka upande wa Kolwezi. Mwenye kuiandika ni binti anayeimba katika korali ya parokia yao. Jina lake hatulitaje, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Lakini neno lake ni la parokia nyingi, ndiyo maana tunaliweka mbele ya wote.

Anaeleza hivi: makartoni ine ya vitabu vya watoto yalifika kwao, zawadi toka Ulaya. Padri akatangaza kisha misa, watu wakapiga makofi. Komite ikatengenezesha kabati ya mbao na kununua kufuli. Wakamwita huyu binti, wakamwambia: "Weye uko na akili, shika ufunguo. Kitabu ata kimoja kisipotee."

Mwaka mzima umepita, na hakuna kitabu kilichopotea. Lakini kila siku ya posho, wakati binti anafagia sali ya parokia, mtoto mmoja wa miaka kama kumi alikuwa anasimama ku dirisha. Alitoka mtoni, fasi anapomsaidia mama yake kuosha mawe ya madini. Siku moja kabati ilikuwa wazi, mtoto akauliza: "Yaya, kile kitabu kya tembo kinasema nini?" Binti akamjibu: "Wende kwanza unawe, mikono yako iko na buchafu." Mtoto akaenda. Hakurudi tena.

Binti anamaliza barua yake na swali hili: "Mama, vitabu vyote viko. Kazi waliyonipa niliifanya. Sasa juu ya nini roho yangu haitulie?"

Binti yangu, roho yako haitulie kwa sababu imekwisha kuona jambo ambalo komite haijaliona bado. Walikupa kazi ya sentinele, na sentinele mwema unastahili shukrani. Lakini vitabu vya watoto havihitaji sentinele peke yake. Vinahitaji mtu wa kuvikutanisha na watoto. Mtu huyo ndiye tunaita bibliotekeri. Kabati inaweza kujaa vitabu na parokia ikabaki bila biblioteki. Na mtu mmoja mwenye moyo, akiwa na vitabu makumi mawili tu, anaweza kuanzisha biblioteki ya kweli.

Tusifikiri kwamba Wazungu walizaliwa na biblioteki za watoto. Kwao pia zamani wakubwa wengi waliona kitabu ni kitu cha kuwekwa mbali na mikono ya mtoto. Kisha vita ya 1914-1918, komite moja ya New York ilitaka kusaidia watoto wa inchi zilizoumizwa na vita. Ikatoa biblioteki ya watoto kwa mji wa Bruxelles mwaka wa 1920. Ikatoa ingine kwa mji wa Paris, iliyofunguliwa tarehe 12 Novemba 1924 katika njia ya Boutebrie. Zote mbili ziliitwa L'Heure Joyeuse, maana yake Saa ya Furaha.

Vitabu na meza vilitoka kwa zawadi, sawa makartoni yenu. Lakini zawadi haikutosha. Kule Paris kazi ilishikwa na mabinti watatu: Claire Huchet, Marguerite Gruny na Mathilde Leriche. Tazameni walichofanya. Vitabu viliwekwa wazi, fasi mkono wa mtoto unaweza kufika, ajichagulie mwenyewe. Wavulana na wasichana walisoma katika chumba kimoja, wakati masomo mengi ya Ufaransa yalikuwa yanawatenganisha. Kuingia kulikuwa bure. Mtoto mpya aliandika jina lake katika kitabu kikubwa, na kwa kuandika hivyo aliahidi kutunza vitabu na kusaidia ili fasi ile iwapendeze wote. Watoto walichagua wakubwa wao kati yao, wa kusaidia kupanga na kuangalia. Na kulikuwa saa ya hadisi: bibliotekeri anaketi, watoto wanamzunguka, anasimulia.

Mmeona, wapendwa? Wale mabinti hawakuacha kulinda vitabu. Walifanya watoto wenyewe wawe walinzi. Kufuli inalinda kitabu wakati hakuna mtu. Mtoto anayesikia kwamba kitabu ni chake na cha wenzake analinda hata wakati hakuna anayemwangalia. Bibi Gruny na Bibi Leriche walibaki katika kazi ile makumi ya miaka, na walifundisha wengine.

Claire Huchet yeye alihamia Marekani, akasimulia watoto hadisi katika biblioteki ya mji wa New York. Katika biblioteki ile ile kulikuwa mwanamke mwengine tunayepaswa kumjua, Pura Belpré. Alitoka katika kisiwa cha Puerto Rico, fasi watu wanasema kispanyola. Mwaka wa 1921 alianza kazi katika biblioteki ya mtaa wa Harlem. Watu wengi wa kisiwa chake walikuwa wanahamia mji ule kutafuta kazi, sawa vile baba na babu zetu walivyoacha vijiji kwenda kutafuta kazi ya shaba. Watoto wao walipita mbele ya biblioteki bila kuingia, kwani waliona si fasi yao.

Pura Belpré hakungoja ku meza. Alikwenda kuwatafuta katika makanisa na katika mikutano ya mtaa. Akasimulia hadisi kwa kingereza na kwa kispanyola. Akachezesha vibonzo vya mkono ili wadogo wacheke. Tena aliona kwamba hadisi alizosikia kwa nyanya yake hazikuwa katika vitabu vya biblioteki. Basi aliziandika yeye mwenyewe. Kitabu chake cha kwanza, hadisi ya mende Martina na panya Pérez, kilitoka mwaka wa 1932.

Hapa tunafika kwetu. Toka Septemba 2019 masomo ya musingi ya serikali ni bure. Ni jambo jema, lakini darasa nyingi zimejaa kupita kiasi. Mwalimu mwenye watoto makumi mengi mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Vitabu vingi tunavyopewa ni vya kifaransa, na mtoto nyumbani anasema kiswahili. Wengine wanapita mangaribi ku mawe, wakichagua na kuosha madini. Mtoto wa namna hii, nani atakaa karibu naye na kufungua kitabu? Masomo hayawezi peke yake. Bibliotekeri wa parokia anaweza kusaidia, hata kwa saa mbili tu kila posho.

Basi binti yangu, haya ndiyo mashauri yetu.

Kwanza, chagua saa na usiibadilishe. Kama ni siku ya posho toka saa tisa mpaka saa kumi na moja, iwe hivyo hata mvua ikinyesha, hata watoto wakiwa watatu. Mtoto akikuta mlango umefungwa mara mbili, mara ya tatu haji.

Pili, weka beseni ya maji na sabuni pale pale ku mlango, na kitambaa. Usimtume mtoto mbali kunawa. Mnawishe, umkaribishe. Uchafu wa mikono yake ni alama ya kazi anayofanya kwa ajili ya jamaa yake, si zambi.

Tatu, pitia vitabu vyote wewe mwenyewe mbele ya watoto. Kile kinachofaa wadogo, weka chini. Cha wakubwa, weka juu kidogo. Na vile visivyofaa, usione haya kuviondoa. Katika makartoni ya zawadi mara nyingi mna vitabu ambavyo hakuna mtoto wa hapa atavifwata. Zawadi tunaipokea na shukrani, lakini kuchagua ni kazi ya bibliotekeri.

Ine, soma kwa sauti. Soma kifaransa polepole, kisha eleza kwa kiswahili, onyesha picha, uliza: "Munafikiri sasa tembo atafanya nini?" Waache wajibu. Mtoto aliyecheka pamoja na kitabu atataka kukisoma peke yake.

Tano, ita wazee. Kuna nyanya katika parokia yenu wanaojua hadisi za sungura na za simba ambazo hazijaandikwa. Mmoja aje asimulie, na kijana mwenye mwandiko mzuri aandike katika kaye. Watoto wachore picha. Kaye ile iwekwe katika kabati pamoja na vitabu vya Ulaya, nayo ni kitabu.

Sita, andika katika kaye ingine jina la mtoto, kitabu alichochukua na siku ya kurudisha. Funika vitabu na karatasi ya mifuko ya simenti, ni ngumu na haiombi franga nyingi. Kitabu kikipasuka, mfundishe mtoto kukishona na kukibandika. Kikipotea, usimfukuze mtoto na usimtoze franga ambazo wazazi hawana. Asaidie kupanga na kufagia kwa muda. Ukimfukuza, umepoteza kitabu na mtoto pamoja.

Saba, mlango uwe wa wote: wa katoliki na wa makanisa mengine, wanaosoma na wale walioacha masomo. Anayesoma amsaidie asiyejua.

Na ninyi wakubwa wa komite, sikilizeni kidogo. Musiseme: "Ni kazi ya bure, binti anakaa tu na batoto." Kama munanunua kufuli, nunueni pia sabuni, gundi na makaye. Mupeni msaidizi, kwani siku akiolewa ao akihama, kazi itakufa kama hakuna mwengine aliyejifunza. Mtumeni akae siku chache karibu na bibliotekeri wa masomo makubwa ao wa mji, aone namna wanavyopanga. Na hesabu yenu ya mwisho wa mwaka isiulize tu: "Vitabu vingapi viko?" Iulize pia: "Watoto wangapi walisoma?" Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimetimiza kazi yake. Kitabu kipya kisichofunguliwa, panya na mchwa watakifungua.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mama anayerudi sokoni amechoka, baba anayetoka kazini usiku, hatuwaombi mambo makubwa. Mtoto akileta kitabu nyumbani, mwambie: "Nisomee kidogo." Hata kama wewe hujui kusoma, masikio yako yanatosha.

Tunakumbuka yule mkubwa wa Etiopia katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Alikuwa ameketi katika gari lake na kitabu mkononi. Alikuwa na feza, alikuwa na cheo, na kusoma alijua. Lakini maana ilimpita, kwa kukosa mtu wa kumwongoza. Filipo hakubaki mbali. Alikimbia karibu, akapanda, akaketi pamoja naye. Kama mtu mkubwa namna ile alihitaji mwenye kuketi karibu naye, mtoto wa miaka kumi atafanya namna gani peke yake?

Binti yangu, umeuliza juu ya nini roho haitulie. Ni kwa sababu ya yule mtoto. Usingoje arudi ku dirisha. Mabinti wa korali wanajua njia ya mtoni. Nenda pamoja na mmoja wao, msalimie mama yake kwanza na heshima yote, umweleze kwamba siku ya posho, saa tisa, sali ya parokia itakuwa wazi, maji na sabuni viko ku mlango. Na kitabu cha tembo, kiweke juu ya meza mbele yake.

Kisha utuandikie. Wasomaji wote wa ukurasa huu wanangoja kujua kama alikuja.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.