Nilichosoma na Kutazama Kabla ya Harusi ya Mdogo Wangu

Tangu Ramadhani mnaniuliza nasoma nini na natazama nini, na mimi kila siku nasema kesho. Nisameheni. Nyumba yetu imekuwa nyumba ya harusi. Mdogo wangu anaolewa mwezi huu inshaallah, na mkishawahi kuozesha mnajua wenyewe: fundi wa nguo hapokei simu, mpishi wa biriani kila siku ana bei mpya, na shangazi wa Pemba anataka kujua kwa nini kadi yake ilichelewa. Lakini usiku, watu wakilala, nilisoma. Na nilichosoma kimenifanya nimuulize mdogo wangu swali ambalo mimi mwenyewe, siku yangu, hakuna aliyeniuliza vizuri.

Nianze na Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi. Wengi wenu mlikisoma skuli kwa ajili ya mtihani, na kitabu ukikisoma kwa ajili ya mtihani huoni kitu isipokuwa maudhui, dhamira na wahusika. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Nilikumbuka Denge na siasa zake za kupinga Waingereza, basi. Safari hii nimekisoma nikiwa mama wa mtoto wa kike, na sikuweza kuipita kurasa za mwanzo. Yasmin ana miaka 15. Anaozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima wa miaka 52, mwenye duka lake. Hakuna anayempiga wala kumfunga kamba. Wazee wamekaa, wameona mume ana uwezo, wamekubaliana. Mtoto hakuulizwa, na mwandishi hapigi kelele juu ya hilo, anakuonyesha tu msichana anayeishi na mtu ambaye angeweza kuwa babu yake.

Kilichoniuma zaidi si ndoa yenyewe, ni kinachokuja baadaye. Yasmin anapokimbia na kurudi Unguja, watu wake wa damu wanamfungia mlango. Wanaona aibu aliyowaletea, hawaoni walichomfanyia. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, mpenda taarabu, ambaye majirani wa heshima wasingependa binti zao waonekane naye. Hapo nilikifunga kitabu nikakaa. Maana nilijiuliza: mdogo wangu akipata matatizo huko anakokwenda, atagonga mlango wa nani? Wetu?

Filamu yake pia nimeitazama, ile ya Amil Shivji ya mwaka 2021, ambayo Tanzania iliipeleka kushindania Oscar. Mashaallah, Mji Mkongwe umependeza mpaka unatamani kuzipita zile njia kwa miguu. Nguo, taa, sauti ya Siti Amina akiwa Mwajuma, vyote nimevipenda. Lakini nitasema ukweli wangu: mapenzi ya Yasmin na Denge yamechukua nafasi kubwa, na sehemu nyingine nilizisogeza mbele kwa sababu nilikuwa nimekaa na mama. Si kwamba kitabuni hayamo. Yamo. Ila kitabu kinakupa muda wa kuelewa msichana huyu alifikaje hapo, na filamu inakuletea Yasmin akiwa karibu ameshakimbia. Wanaosema hadithi hii inafundisha mabinti kutoroka, mimi naona wamesoma kuanzia katikati. Mabinti hawatoroki nyumba walizoingia kwa ridhaa yao kirahisi hivyo.

Kitabu cha pili ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ambayo sasa tunayo kwa Kiswahili chetu kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Gurnah ni mtoto wa hapahapa Unguja, akapata Nobel mwaka 2021, na nakiri niliona haya kwamba sikuwahi kumsoma. Watu watakwambia ni hadithi ya Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa tajiri kwa sababu baba yake ana deni. Ni kweli. Lakini mimi nilibaki na Amina. Sitawaharibia wasiosoma, niseme tu kwamba yeye naye aliingia nyumba ya tajiri yuleyule kwa njia ya deni, na alipokua, akaolewa na mwenye kudai. Ndoa ipo, sheria imefuatwa, mahari sijui ilikuwa nini. Ridhaa yake ndiyo huioni popote.

Hapa wapenzi naomba tuongee sisi kwa sisi, maana najua kuna atakayesema: dada, dini yetu inasema kimya cha bikira ndiyo idhini yake. Naam, Mtume (S.A.W.) alisema bikira aombwe idhini, na alipoulizwa kuhusu haya yake, akasema kunyamaza kwake ndiyo idhini. Lakini isome tena. Jambo la kwanza ni kwamba aombwe. Kile kimya ni jawabu la swali. Kama hakuna aliyeuliza, kimya ni kimya tu. Na ni Mtume huyohuyo aliyeivunja ndoa ya Khansaa bint Khidham, alipomwendea kulalamika kwamba baba yake amemwoza bila ya yeye kutaka. Haikusemwa kwamba mzee keshatoa neno lake, itakuwa aibu. Ndoa ilivunjwa.

Mimi siku yangu niliulizwa. Walikuja mlangoni, walii na mashahidi, mimi nimefunikwa kanga nimezungukwa na wanawake, udi unafuka mpaka macho yanaliza. Kabla sijafungua mdomo, shangazi mmoja akasema, "Keshakubali huyo, mwacheni, anaona haya." Wakacheka, wakaondoka. Alhamdulillah, mume wangu nilikuwa namtaka, na mpaka leo namshukuru Mungu. Lakini je, kama ningekuwa simtaki? Hilo ndilo swali alilonipa Yasmin, miaka yote hii baadaye.

Basi Jumatano iliyopita nikamwita mdogo wangu chumbani. Somo wake alikuwa ameshamaliza kumfundisha mengi: hina, kujifukiza, namna ya kumpokea mume. Mimi nikamuuliza moja tu. Akanyamaza. Nikamwambia hicho kimya sikijui, niambie kwa mdomo. Akalia kidogo, halafu akasema mume anamtaka, tena sana. Anachoogopa ni kwamba mama mkwe amesema baada ya harusi chuo basi, na amebakiza mwaka mmoja. Alikuwa hajamwambia mtu kwa sababu kadi zilishatoka.

Mama alikasirika mwanzo. Kwamba namtia mtoto maneno. Nikamwomba tutazame pamoja filamu ya Wadjda, ya mwaka 2012, ya mwanamke wa Saudia anayeitwa Haifaa al-Mansour. Ni hadithi ndogo tu: msichana wa miaka kumi, Riyadh, anataka baiskeli, na kwa ajili ya fedha za zawadi anaingia mashindano ya Qur'ani skuli kwao. Mama alipenda zile sehemu za kusoma, alikuwa anafuatisha kwa midomo. Lakini uzito wa filamu uko kwa mama wa Wadjda, ambaye mume wake anatafutiwa mke mwingine kwa sababu hakumzalia mtoto wa kiume. Huyu mama anahangaika kutaka gauni jekundu la kumvutia mume, na mwishoni anafanya uamuzi kuhusu zile fedha. Mama yangu hakusema neno. Alizima taa akaenda kulala.

Asubuhi alivaa buibui lake akaenda kwa wakwe peke yake. Sijui walizungumza nini, wazee wana njia zao. Alirudi na kashata kwenye karatasi, akasema bwana harusi mwenyewe alikuwa hajui kama kuna maneno hayo, na kwamba mtoto atamaliza chuo, na baba ataliandika pamoja na mambo mengine waliyokubaliana. Halafu akauliza chai iko wapi.

Nakala yangu ya Vuta N'kuvute sasa anayo mdogo wangu. Anatakiwa akae ndani, asipigwe jua, akandwe singo, kwa hiyo muda anao. Jana saa sita usiku kanitumia ujumbe kuuliza kama Yasmin atarudi kwa mama yake. Nikamwambia lala, biharusi, una macho ya kutiwa wanja. Hakulala. Taa ya chumbani kwake niliiona mpaka karibu na alfajiri.