Begi la mlangoni si uchuro

Nasikia huko nyumbani nimekuwa gumzo. Eti mtu yuko Canada, nchi ya umeme wa saa ishirini na nne, halafu anarundika maji, tochi na maharage ya kopo chini ya kitanda kama anangojea vita. Shangazi kaenda mbali zaidi, anasema najichuria. Leo naomba nijibu, na nitajibu kwa ukali kidogo, mnisamehe.

Kwanza hilo la uchuro. Hivi jamani, bibi hakuwa na ghala? Mahindi darini, chumvi kwenye chungu, kiberiti kimefungwa kwenye nailoni kisilowe. Hakuna aliyemwambia anaita njaa. Leo mjukuu wake akiweka lita 24 za maji mnataka kutafuta mganga! (Na hizo lita 24 sikuziota. Serikali ya hapa inashauri kila kaya iweze kujitegemea kwa saa 72, maji angalau lita mbili kwa mtu kwa siku. Sisi tuko wanne, pigeni hesabu.)

Lakini wanaoniudhi zaidi si nyie, ni Wabongo wenzangu wa hapa hapa. Ukiwagusia habari hii wanacheka: "Sisi watoto wa mgao bwana, 2006 tumekaa gizani, leo tuogope giza la Wazungu?" Huu ni ujinga unaojiita uzoefu. Nyumbani umeme ukikatika, nyumba inabaki kuwa nyumba. Dirisha liko wazi, jiko liko uani, maji yako kwenye pipa, jirani ana mshumaa. Hapa naishi ghorofa ya 16. Umeme ukikatika lifti imesimama, pampu ya kupandisha maji imesimama, chooni hakuna maji, jiko ni la umeme, na joto la ndani linaanza kuondoka taratibu. Sasa uzoefu wako wa Tandika utakusaidia nini?

Na hizi si hadithi. Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika Ontario na kaskazini mashariki ya Marekani, watu kama milioni 50. Lakini kilikuwa kiangazi. Desemba 2013 haikuwa kiangazi. Mvua iliganda juu ya matawi na nyaya, miti ikaangukia nyaya, na wateja wapatao 300,000 wa umeme wa Toronto wakabaki gizani siku chache kabla ya Krismasi. Wengine walikaa zaidi ya wiki, na nje nyuzi ziko chini ya sifuri. Ndipo watu wakaanza kuingiza majiko ya mkaa ndani ya nyumba zilizozibwa kila upenyo ili baridi isipite. Zimamoto walipigiwa simu lukuki za watu waliovuta gesi ile isiyo na harufu. Mnaijua, hata kwetu Makete na Njombe jiko la mkaa chumbani limeshaua watu. Kwa hiyo huyo anayejisifu kuwa mtoto wa mgao ndiye ninayemhofia kuliko wote, maana mgao ulimfundisha kuwasha mkaa.

Kuna maduka yanauza mabegi mekundu yaliyokwisha pangwa, bei ya kutisha. Mimi sinunui. Limejaa vikorokoro na hakuna hata kimoja kinachomfikiria mhamiaji. La kwangu nimelipanga mwenyewe na liko mlangoni: tochi, redio ya betri, dawa, soksi nzito, kifungulio cha makopo (msicheke), na juu kabisa bahasha ya plastiki yenye pasipoti, kadi za ukaazi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Agosti 2018 ulitokea moto wa umeme kwenye jengo la 650 Parliament Street, mtaa wa St. James Town uliojaa wageni kama sisi. Watu kama 1,500 walitolewa, na wengi hawakurudi kwao hadi 2020. Wakati ule hakuna wa kukusubiri upekue droo. Kama hamniamini mimi, waulizeni watu wa Jangwani waliopanda juu ya mapaa kwenye mafuriko ya Desemba 2011 walikuwa wameshika nini mkononi.

Ndani ya bahasha hiyo kuna noti pia, na najua hapo ndipo penye maneno. Hapa kila kitu ni kadi. Tarehe 8 Julai 2022 mtandao wa Rogers ulizima nchi nzima, malipo ya kadi za benki yakakwama madukani, wengine hata simu ya dharura haikupigika. Mwenye noti ndiye aliyenunua maziwa ya mtoto siku hiyo. Mjomba anauliza kwa nini dola hizo zilale bure wakati bati hazijatimia. Mjomba, shikamoo. Za bati natuma mwisho wa mwezi kama nilivyoahidi. Za kwenye bahasha hazitoki, hata kwa harusi.