Popo, Walawi na Mamba Mwenye Meno ya Paka

Kila likizo, sisi mafrateri tunapokwenda parokiani kuwasaidia makatekista, kuna swali ambalo halikosi. Iwe Tunduma mjini au kigangoni huko Momba, kijana wa sekondari atasimama na kuuliza: Mambo ya Walawi, sura ya 11, inamtaja popo pamoja na ndege; mwalimu wa baiolojia anasema popo ni mamalia. Nani mwongo?

Majibu anayopewa kwa kawaida ni mawili, nasi hatukubaliani na lolote. Wazee humwambia aamini tu, asiulize sana. Waliomaliza kidato cha sita juzi humwambia Biblia imekosea. La kwanza linamtoa darasani, la pili linamtoa kanisani, na popo anabaki kuruka.

Watu wa Tunduma tungepaswa kulielewa jambo hili upesi, maana mji wetu unaishi kwa kupanga vitu katika mafungu. Lori likifika mpakani, dereva anauona mzigo kwa tani, mwenye mali anauona kwa shilingi, na afisa wa forodha anauona kwa sura za kitabu cha ushuru. Katika kitabu hicho, sura ya 3 inawaweka samaki pamoja na kamba na pweza, ingawa kamba na pweza hawana uti wa mgongo. Hatujasikia mwalimu yeyote akimwita afisa huyo mwongo. Swali lake ni ushuru.

Walawi nao wana swali lao: kipi kiliwe, kipi kisiliwe. Mwenye swali hilo akitazama juu jioni, kinachoruka ni kinachoruka. Baiolojia inauliza mwili umejengwaje, na popo ana nywele, anazaa na kunyonyesha. (Hata sisi Wakatoliki, Ijumaa za Kwaresima tunaacha nyama na kula samaki. Mtakatifu Thoma wa Akwino alieleza kwamba mfungo unahusu wanyama wa nchi kavu wanaovuta hewa. Hilo nalo ni fungu, na halikutoka maabara.)

Anayedhani makundi matano ya shuleni, yaani samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia, yalishuka kutoka mbinguni, asome historia kidogo. Aristotle aliwagawa wanyama kuwa wenye damu na wasio na damu, mgawanyo unaokaribia sana huu wetu wa uti wa mgongo, na alikwisha kuona kwamba pomboo ananyonyesha. Zaidi ya miaka elfu mbili baadaye, Linnaeus bado alimweka nyangumi kati ya samaki. Alimhamishia kwa mamalia mwaka 1758. Leo wataalamu wanauliza zaidi juu ya ukoo, na majibu yanashangaza: mamba yuko karibu na kuku kuliko mjusi, na kamongo wa Ziwa Victoria yuko karibu na ng'ombe kuliko sato.

Tena ushahidi mwingine uko chini ya miguu yetu. Katika miamba ya Bonde la Ufa la Rukwa ulipatikana mnyama wa miaka ipatayo milioni 100, aliyetangazwa mwaka 2010 kwa jina la Pakasuchus kapilimai. Ni wa jamaa ya mamba, lakini ukubwa wake ni wa paka, aliishi nchi kavu, na magego yake yalikutana kutafuna kama ya mamalia. Mtu angepewa jino lake moja tu angeweza kuapa ni mamalia. Jina lake limebeba neno letu paka, na linamuenzi Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2017 akafuata dinosaria Shingopana songwensis, ambaye jina lake halihitaji mkalimani Songwe nzima.

Hata hivyo vijana wetu wanaoyakariri makundi matano kwa pumzi moja hawajawahi kuyasikia majina haya. Tunapendekeza hivi: siku ya vijana ya parokia, kabla ya mpira, mwalimu wa baiolojia na katekista wakae meza moja kwa saa nzima, na swali la popo liwe la kwanza. Sisi tuko tayari kupanga viti.