Kaunti Nne, Kikosi Kimoja cha Zimamoto

MIZANI YA WIKI
Na Nafula Ochieng’

Julai 2021, lori la mafuta liligongana na lori la maziwa huko Malanga, Gem, kwenye barabara kuu ya Kisumu hadi Busia. Watu wakatoka na mitungi kuchota petroli, moto ukalipuka, na 13 wakafa. Habari zilizochapishwa siku zile zilisema zimamoto walifika saa mbili baadaye. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi wachotaji: umaskini wao, tamaa yao, ukaidi wao wa kutosikia maonyo. Ni mjadala halali, ila una faida moja kubwa kwa viongozi wetu, kwamba lawama yote inabaki kwa marehemu. Lipo swali kavu zaidi ambalo halikuulizwa vya kutosha. Gari la zimamoto lilitakiwa litoke wapi?

Tazama ramani. Barabara hiyo ina zaidi ya kilomita 100 na inapita katika kaunti nne: Kisumu, Vihiga, Siaya na Busia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia kaunti kazi ya kuzima moto, kwa hiyo kila moja inajipangia idara yake na bajeti yake. Kaunti nayo, kwa desturi, huanza kujijenga penye makao yake makuu. Mbale, makao ya Vihiga, iko kwenye barabara ya Kakamega. Mji wa Siaya uko pembeni ya barabara kuu. Wanaopitiwa na matangi usiku na mchana ni watu wa Maseno, Luanda, Yala na Ugunja, miji midogo ambayo haina gavana wa kuegesha gari jekundu mlangoni pake. Maseno ni ya Kisumu na Luanda ni ya Vihiga, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo mfupi wa bodaboda. Moto wa soko la Luanda ni wa Vihiga, moto wa bweni la Maseno ni wa Kisumu. Hivyo ndivyo karatasi zinavyosema. Rai yangu ni kwamba kaunti hizi nne ziunganishe idara zao za zimamoto chini ya mamlaka moja ya pamoja. Tena naomba asitokee mtu wa kuuza wazo hili kwa ahadi ya kupunguza gharama.

Zimamoto ni huduma inayolipwa zaidi kwa kungoja kuliko kwa kutenda. Gari lisipotoka kituoni wiki nzima, mshahara, bima na mafunzo bado vinadai. Majaribio yaliyofanywa Marekani yameonyesha kuwa sebule yenye makochi ya sponji na plastiki ya siku hizi inaweza kushika moto wote kwa chini ya dakika 5, kwa hiyo hakuna njia ya kukwepa kuwa na vituo vingi karibu na watu. Muungano wa kufunga vituo ili kuokoa fedha utaua, basi. Faida ya muungano ni kuvipanga vituo kwa umbali, bila kujali mstari wa mpaka, na kununua kwa pamoja kile ambacho kaunti moja haiwezi kukihalalisha peke yake. Mafuta yanayokuja kwa bomba kutoka Mombasa hupakiwa kwenye matangi Kisumu, yakashika njia ya Uganda. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji matupu, maana petroli huelea juu ya maji na moto husafiri nayo hadi mtaroni na kwenye vibanda. Unataka povu, gari la kulirusha, na watu waliolifanyia mazoezi hadi mikono ikazoea. Vihiga, mojawapo ya kaunti ndogo kabisa nchini kwa eneo, ikinunua gari kama hilo peke yake italitumia kwa nadra na kulitunza vibaya. Kaunti nne zikichanga, gari hilo lina kazi na lina fundi.

Wapo watakaosema kaunti tayari husaidiana, tena bila mkataba. Ni kweli, jirani akipigiwa simu huja. Lakini msaada wa hisani huanza kwa mkubwa mmoja kumtafuta mkubwa mwenzake usiku wa manane, na huishia kwa watu wasiofahamiana wakitumia vifaa visivyolingana. Februari 1904, mji wa Baltimore uliungua siku mbili. Zimamoto walikuja kuusaidia kutoka mbali, hata Washington na Philadelphia, wakakuta viunganishi vya mipira yao haviingii kwenye mabomba ya mji. Zaidi ya majengo 1,500 yaliteketea. Ujirani mwema ulikuwapo. Kilichokosekana ni skrubu. Mwaka 1991, moto wa vilima vya Oakland, California, uliua watu 25, na wageni waliokuja kusaidia wakakwama kwa kasoro ileile ya viunganishi. Miaka 87 ya hisani ilikuwa haijatosha kurekebisha kitu kidogo namna hiyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kulazimisha.

Kuhusu fedha, ushahidi hauwafurahishi wanaopenda muungano. Katika Orange County, California, miji zaidi ya 20 huhudumiwa na mamlaka moja ya zimamoto iliyoundwa mwaka 1995, na bado mji wa Placentia ulijitoa mwaka 2020 ukilalamikia gharama. England ilitaka kugeuza vyumba 46 vya kupokea simu za moto kuwa vituo 9 vya kanda. Ilianza na majengo na kompyuta kabla ya kupata ridhaa ya vikosi vyenyewe, na mradi ukatupwa Desemba 2010, pauni milioni 469 zikiwa zimepotea. Scotland ilianza na sheria na uongozi. Vikosi vyake 8 vikawa kimoja tarehe 1 Aprili 2013, na vyumba vya simu vikapunguzwa baadaye kutoka 8 hadi 3. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nachukua njia ya Scotland, na kutoka Orange County nachukua mlango wa kutokea. Kaunti itakayojiona inaonewa iwe na haki ya kujitoa kwa notisi ya mwaka mmoja.

Kelele za ugatuzi zitakuja, ingawa Katiba yenyewe, Kifungu cha 189(2), inaziruhusu kaunti kuunda mamlaka za pamoja. Ninachokataa ni kuruka hadi ngazi ya taifa. Tanzania ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 2007, ikaitoa kazi hii mikononi mwa halmashauri na kulikabidhi jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mtu wa Moshi na wa Arusha anapiga 114 ileile, na hilo ni jema. Lakini halmashauri inayotaka kituo kipya sasa inategemea uamuzi wa mbali. Hapa kwetu, bodi yenye kura sawa kwa kila kaunti, isiyoweza kufunga kituo bila idhini ya kaunti kilipo, itaizuia Kisumu kuwameza wenzake.

Pingamizi zito zaidi limo katika siasa. Vihiga na Kisumu zimevutana kwa miaka kuhusu Maseno ni ya nani, na kituo cha zimamoto kikijengwa hapo, kila upande utakihesabu kuwa jiwe la mpaka. Mkataba uandike wazi kwamba mahali pa kituo si ushahidi wa umiliki wa ardhi. Mgao kutoka Nairobi nao huchelewa, kwa hiyo kila kaunti itangulize akiba ya miezi sita kabla mamlaka haijaanza kazi. Haya yote yatachukua muda, na mabunge manne ya kaunti hayakubaliani haraka juu ya lolote. Wakati yanajadili, magavana wanne wanaweza kutia saini barua ya ukurasa mmoja inayosema kwamba simu ikiingia kutoka popote kati ya Kisumu na Busia, gari lililo karibu zaidi litatoka bila kuomba ruhusa, na bili ya dizeli itajadiliwa kesho yake.