Gemu si kamari, lakini wa nyumbani watajuaje?

Mfanyabiashara wa mpakani ana muda mwingi wa kungoja. Unangoja wakala wa forodha amalize hati, unangoja lori lililokwama kwenye foleni ya Malaba au Tunduma, unangoja mnunuzi atume fedha. Katika kungoja huko wengi hucheza. Madereva wana drafti yao ya vizibo vya soda, vijana wana gemu za mpira kwenye simu. Mpakani hakuna anayeshangaa. Ugomvi huanzia nyumbani.

Nyumbani anaonekana mtu mzima ameinamia simu usiku, haitiki akiitwa, mara anashangilia, mara ananuna. Mke, mume au mama mzazi haoni mchezo hapo, anaona mtaji unapotea. Na ana sababu. Simu hiyohiyo ndiyo iliyoleta kubeti hadi vitandani mwetu, na wapo waliomaliza fedha za mzigo kwa mikeka. Kwa asiyecheza, kioo ni kilekile na kelele ni zilezile.

Kwa hiyo naona jukumu la kueleza ni la anayecheza. Forodhani hatumwambii afisa atuamini tu. Tunafungua mzigo na kutoa hati. Nyumbani nako yapo mambo mawili ya kutamka.

La kwanza ni fedha. Sema gemu umeinunua kwa bei gani au ni ya bure, na bando linakula kiasi gani kwa wiki. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mcheza kamari huweka fedha akitarajia fedha. Mcheza gemu hulipia burudani, kama alipaye kiingilio cha uwanjani, na akishinda harudi na shilingi. Lakini tuseme ukweli wote. Zipo gemu zinazouza masanduku ya bahati, unalipa bila kujua utapata nini ndani. Mwaka 2018 mamlaka ya Ubelgiji iliamua kwamba baadhi ya masanduku hayo ni kamari kwa sheria za nchi hiyo. Anayeyanunua kwa laini ileile inayopokea fedha za wateja hana la kujitetea.

La pili ni muda. Wasiocheza hawajui kwamba mechi ya mtandaoni haisimamishwi. Ukitoka katikati umeshindwa, na kama mnacheza kwa timu umewaacha wenzako pungufu. Ndiyo maana kijana akiitwa kupokea mzigo hujibu, "Mama, dakika mbili." Mweleze mama mechi huchukua dakika ngapi, kisha uache kwa wakati ulioutaja. Ukivunja ahadi hiyo mara tatu, hakuna atakayekusikiliza tena.

Kwa wazee, anza na wanachokijua. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na hatua yake ya pili huitwa mtaji. Waganda wana omweso, Wanyarwanda igisoro, Wamalawi bawo. Babu alicheza tangu alasiri hadi magharibi na hakuna aliyemwita mcheza kamari, kwa sababu bao lilikuwa barazani na kila mpita njia aliona kinachoendelea. Simu imeuficha mchezo kwenye kiganja cha mtu mmoja. Basi utoe hadharani. Mkalishe shangazi karibu, mwonyeshe yupi ni wewe, unatafuta nini na kwa nini umeshindwa. Akitaka kushika simu, mpe. Hata asipoupenda mchezo, atakuwa ameuona.

Nao wa nyumbani wana wajibu wao, kuuliza kabla ya kuhukumu. Shirika la Afya Duniani limeingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kutanguliza gemu mbele ya shughuli nyingine, na kuendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Anayecheza saa moja baada ya kufunga hesabu za siku hayumo humo. Anayeacha duka limefungwa hadi saa nne asubuhi kwa sababu alikesha, huyo asaidiwe mapema, na matusi hayatamsaidia.

Biashara zetu nyingi ni za familia. Mmoja yuko barabarani na mzigo, mwingine yuko dukani, na fedha hupita kwenye simu ambayo mwenzako haioni. Kinachotuweka pamoja ni kuaminiana. Mke anayejua kwamba gemu ya mumewe ni ya bure na huisha saa tatu usiku hatakesha akijiuliza kama ushuru wa kesho umeliwa. Maelezo ya jioni moja ni gharama ndogo kwa utulivu huo.