Jina la Chuo na Usingizi wa Binti



Barua ya juma hili imetoka mbali na bahari. Ameiandika mama mzaliwa wa Mombasa, aliyeolewa bara, na ambaye sasa anaishi Kiplombe, ubavuni mwa Eldoret. Binti yake wa kwanza amepata alama ya A katika mtihani wa kidato cha nne. Nyumba ingestahili kujaa furaha, lakini mama anasema tangu siku ya matokeo hakuna anayelala vizuri. Walimu wa binti wanashauri kwamba akili kama ile mahali pake ni Harvard au Yale, hivyo akae nyumbani ajiandae kwa mtihani wa SAT. Baba yake, dereva wa lori, ameafiki, na amekwisha kutaja habari ya kuuza ploti. Bibi mzaa mama, aliyeko Majengo, amepiga simu kusema mtoto wa kike hatupwi peke yake nchi ya watu. Binti mwenyewe anataka kuwa daktari, na kwa alama zake ana matumaini makubwa ya kusomea tiba Chuo Kikuu cha Moi, ambacho masomo yake ya afya yako mumo humo mjini Eldoret. Ila sasa chakula hakimpiti, nywele zinamkatika, na usiku mama humsikia akirudia maneno ya Kiingereza gizani. Swali la mama ni fupi: je, jina la chuo lina thamani ya adha yote hii?

Dada yangu, kwanza nakupa hongera, kwani naona katika barua yako hakuna aliyekupa. Katika mtihani wa mwaka 2024 watahiniwa walikuwa 962,512 nchi nzima, na waliopata A kamili walikuwa 1,693 tu. Ni chini ya wawili kwa kila elfu moja. Mtoto aliyefika hapo amekwisha kukimbia mbio ndefu, na sisi badala ya kumpa maji tunamwonyesha mlima mwingine.

Nafahamu pia kwamba unakoishi mbio si mfano wa maneno. Kutoka Kiplombe hadi Iten si mbali, na kila alfajiri barabara za huko hujaa vijana wanaokimbia kwa matumaini ya medali na fedha za ng'ambo. Wanaofika ni wachache, na wengi hurudi shambani kimya kimya, hakuna gazeti linaloandika habari zao. Iten hiyo hiyo ndiyo iliyozaa jambo ambalo bila shaka walimu wa binti yako wanalifikiria. Mwaka 2004 Mmarekani John Manners na Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, walianzisha mpango uitwao KenSAP wa kuwasaidia vijana werevu wa Bonde la Ufa kuomba nafasi katika vyuo vikubwa vya Marekani. Vijana zaidi ya mia moja wamepita njia hiyo, wakaingia Harvard, Yale, Princeton na kwingineko. Kwa hiyo walimu hawasemi ndoto za mchana. Njia ipo, na watoto wa wakulima wameipita.

Lakini mtazame Boit mwenyewe. Yeye alipokwenda Marekani alianzia Eastern New Mexico University, chuo ambacho naamini wasomaji wangu wengi hawajapata kukisikia. Hakikumzuia kuendelea na masomo ya juu hadi akawa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Tuje kwenye swali lenyewe. Watu husema chuo kikubwa humfanya mtu mkubwa. Wataalamu wawili wa uchumi, Stacy Dale na Alan Krueger, walilipima neno hilo huko Marekani, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2002. Hawakuwalinganisha waliosoma vyuo vya fahari na watu wote wengine, kwani hapo jibu lingejulikana kabla ya kuuliza. Waliwalinganisha na wenzao waliokubaliwa na vyuo vya daraja moja, kisha wakachagua kwenda chuo kisicho na jina kubwa. Baada ya miaka, mapato yao hayakupishana sana. Ilionekana kwamba uwezo ulikuwa ndani ya mtoto kabla hajaingia mlangoni. Walibakiza kundi moja: watoto wa familia zenye kipato kidogo. Hao chuo cha jina kiliwaongezea kitu, labda kwa sababu mtoto wa tajiri hukuta milango imekwisha kufunguliwa na baba yake, na mtoto wa maskini huikuta imefunguliwa na chuo. Uchunguzi mwingine, wa Raj Chetty na wenzake wa mwaka 2023, ulikuta kwamba vyuo vile havipandishi sana mapato ya wastani, ila humwongezea mtu nafasi ya kufika kileleni kabisa mwa wenye kipato na vyeo.

Hapa nyumbani nako kumepimwa. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha mwaka 2014 uchunguzi juu ya shule za kitaifa za Kenya, zile ambazo wakati huo zilikuwa 18 tu na mzazi alikuwa tayari kufunga na kuomba ili mtoto apate moja. Waliwatazama watoto walioingia kwa kupita mpaka wa alama kidogo tu, na waliokosa kwa alama hizo hizo chache. Miaka minne baadaye, katika mtihani wa kidato cha nne, tofauti baina yao haikuonekana ya maana. Nakumbuka machozi yaliyomwagika katika nyumba zetu za Kibokoni na Old Town kwa sababu ya alama mbili au tatu za darasa la nane, na nasikitika.

Basi baba wa binti yako hajakosea kabisa. Mtoto wa dereva wa lori ndiye hasa anayeweza kunufaika na jina. Lau binti yako angetaka uhandisi, hisabati au utafiti wa sayansi, ningekwambia ajaribu, tena kwa moyo mkunjufu. Lakini anataka udaktari, na hapo mambo hubadilika. Nashangaa kwamba hakuna aliyewaeleza.

Marekani hakuna shahada ya kwanza ya udaktari kama yetu. Mtu husoma miaka 4 ya shahada nyingine, kisha huomba upya kuingia chuo cha tiba, asome miaka 4 tena. Vyuo vingi vya tiba huko havipokei wageni kabisa, na vinavyowapokea huchukua wachache mno, aghalabu bila ule msaada wa fedha waliouzoea katika shahada ya kwanza. Binti anaweza kumaliza Yale kwa heshima zote na bado asiwe daktari. Moi anaingia moja kwa moja, na baada ya miaka 6 ni daktari. Tena si chuo cha kuonewa haya. Kilianzishwa mwaka 1984, wanafunzi wake wa tiba hufunzwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na kwa miaka zaidi ya thelathini kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kutokana na ushirikiano huo ulizaliwa mwaka 2001 mpango wa AMPATH wa kupambana na UKIMWI, na wanafunzi wa tiba wa Marekani hupanda ndege kuja Eldoret kujifunza. Wanavuka bahari kuja mahali ambapo binti yako anaweza kwenda kwa matatu na kurudi kula chakula cha jioni kwenu.

Atasema, je, nikianza Moi huku naendelea kuomba? Hapo awe na hadhari. Vyuo vingi vya Marekani humhesabu aliyekwisha kusoma mwaka wa chuo kuwa ni mwanafunzi wa kuhamia, na nafasi za kuhamia katika vyuo vikubwa ni haba kuliko zile za kuanza. Harvard yenyewe, katika maombi ya kawaida, huchukua takriban watu 4 kwa kila 100 waombao, na miaka mingine hata chini ya hapo. Na asiyeanza popote atangoja muda mrefu. Maombi hufungwa karibu na mwanzo wa Januari, majibu hutoka mwishoni mwa Machi, na masomo huanza Agosti au Septemba. Tangu matokeo ya kidato cha nne ni zaidi ya mwaka mzima na nusu wa kukaa nyumbani na kukodolewa macho na majirani. Halafu kuna viza. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilijaribu kuizuia Harvard isipokee wanafunzi wa kigeni, mahakama ikasimamisha amri hiyo, na vijana waliokuwa na barua za kukubaliwa mkononi wakawa hawajui watasafiri ama la.

Rai yangu, dada, ni kwamba binti aingie Moi asomee tiba, na Marekani ingoje. Shahada ya pili ipo, na mafunzo ya ubingwa yapo. Wasomaji wa pwani hawana haja ya kutafuta mfano mbali. Profesa Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Mombasa mwaka 1933, na katika mtihani wake wa kumaliza shule alipata daraja la tatu. Makerere, chuo pekee kikubwa cha Afrika Mashariki wakati ule, hakikumchukua. Akafanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, ile MIOME ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Inasimuliwa kwamba hotuba aliyoitoa siku ya Maulidi, gavana akiwa miongoni mwa wasikilizaji, ndiyo iliyomfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza. Akamaliza Manchester mwaka 1960, akapita Columbia, akapata udaktari wa falsafa Oxford mwaka 1966. Na Makerere ile ile iliyomkataa akiwa kijana ikampa kiti cha profesa kabla hajatimiza miaka 35. Jina kubwa lilikuja mwishoni mwa safari, na mwanzoni palikuwa na ofisi ndogo ya Mombasa.

Kuhusu ploti, tafadhali msiiuze. Nalisema kwa mkazo kwa sababu ninyi wa Uasin Gishu mmeyaona kwa macho. Mpango wa kaunti wa kupeleka wanafunzi Ufini na Kanada uliwafanya wazazi watoe akiba, wauze mifugo na mashamba, na wengi wa watoto hawakusafiri. Mwaka 2023 watu waliandamana Eldoret wakidai fedha zao, na kesi ikafunguliwa Nakuru. Hukumu tuiachie mahakama, lakini shamba lililouzwa halirudi kwa hukumu. Unataja katika barua kwamba kuna wakala anayetaka malipo makubwa "ya kushughulikia maombi". Mwambieni hapana. Harvard, Yale, Princeton na MIT huchagua wanafunzi, hata wa nchi za nje, bila kutazama mfuko wa mzazi, na anayekubaliwa hulipiwa kwa kadiri ya upungufu wa familia yake. Ada ya maombi husamehewa kwa asiyeweza. Anayekuomba laki kadhaa kwa ajili ya mlango huo anakuuzia hewa.

Mama yako wa Majengo naye asipuuzwe kwa kuwa ni mzee. Suala la binti kusafiri na kukaa mbali bila maharimu mlipeleke kwa shekhe mnayemwamini, kwani wanavyuoni wana kauli zao na si kazi ya safu hii kuzipima. Nitaongeza tu kwamba hofu ya hijabu haiko ng'ambo peke yake. Mahakama ya Rufaa ilipotoa hukumu mwaka 2016 ya kuwaruhusu wanafunzi wa Isiolo kuvaa hijabu tulifurahi, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua kwa sababu za utaratibu wa kesi. Wangapi miongoni mwa mabinti zetu wamevua mtandio mlangoni mwa shule ya sifa, hapa hapa Kenya, ili mradi jina lipatikane? Nao vyuo kadhaa vikubwa vya Marekani vina jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu, na hata maimamu walioajiriwa kuwahudumia. Hivyo mama akisema hapana, muulizeni anachokihofia hasa. Huenda ni upweke wa mjukuu, na hiyo ni hofu ya haki.

Limebaki la binti, nami nimeliweka mwisho ingawa ndilo la kwanza kufanyiwa kazi. Kutokula, kukatika nywele na kutolala kwa majuma si uvivu wala si jicho la watu. Msomeeni ruqya, ni kheri, na pia mpelekeni kwa daktari. Hospitali hiyo hiyo ya Rufaa ya Moi ina idara ya afya ya akili, na kwenda huko hakuandikwi popote katika cheti chake. Vitabu vya SAT vifungwe kabatini walau mwezi mmoja. Baba yake amkalishe, peke yao wawili, amwambie kwa kinywa chake kwamba ameridhika naye kwa hii A aliyokwisha kuileta, iwe atakwenda Yale au hatakwenda. Neno hilo litoke kwake yeye. Likitoka kwa mama, mtoto atadhani anaonewa huruma.

Na fomu ya kuchagua kozi za vyuo vya serikali ijazwe mapema, kabla dirisha halijafungwa, tiba ya Moi ikiwa chaguo la kwanza.